Kutoka Kidoleni hadi Kwenye Skrini: Vifaa vya Mtengenezaji Tovuti Vinafanya Kazi Gani Hasa

Wiki iliyopita binti anayejifunza kazi kwetu hapa Mombasa aliniita mezani kwake. Alikuwa na kitufe kimoja tu cha kubadilisha rangi, kile cha "Lipa Sasa", kitoke buluu kiwe kijani. Akabadilisha, akahifadhi, akafungua ukurasa upya: buluu. Akarudia: buluu. Mara ya nne akaanza kuongeza amri za kulazimisha rangi na kunakili mistari kutoka huku na kule, hata faili lake likawa halisomeki. "Kaka, mimi CSS imenishinda," akaniambia.

CSS, lugha inayopanga rangi na umbo la ukurasa, haikuwa imemshinda. Mstari wake wa kwanza kabisa ulikuwa sahihi, kila nukta mahali pake. Alichokosa ni ramani ya njia ambayo mstari ule unapita, tangu kidole kinapogusa kibodi mpaka rangi inapotokea kwenye skrini. Bila ramani hiyo, vifaa vyote alivyowekewa kwenye laptopu vilikuwa majina matupu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza atumie kihariri gani, fremuweki gani (mifupa ya msimbo iliyokwisha tayarishwa) au anunue mashine gani, sianzi na majina. Nachukua karatasi namchorea njia, kisha kila kifaa tunakiweka mahali pake juu ya njia hiyo.

Njia yenyewe

Tuifuate herufi moja. Ukiibonyeza, inaingia kwanza kwenye kumbukumbu ya kihariri, yaani ile programu unayoandikia. Diskini bado haipo. Ukihifadhi ndipo inaandikwa ndani ya faili. Zamani safari iliishia karibu hapo: kivinjari kilifungua faili hilohilo nawe ukaona. Siku hizi katikati kuna fundi mwingine. Ni programu inayokaa ikivizia mafaili yako. Ikiona moja limebadilika inalichukua, inalichanganya na mengine, inaondoa nafasi zisizohitajika, kisha inatoa faili jipya lililobanwa. Hili la pili ndilo linalomfikia mtumiaji. Seva ya ndani, ile ndogo inayoendeshwa kwenye laptopu yako mwenyewe kwa anwani ya 127.0.0.1, hulitoa pale kivinjari kinapoliomba. Kivinjari nacho kina akiba yake: kikikumbuka kwamba kilishawahi kupewa faili lenye jina hilo, kinaweza kutumia la zamani bila kuuliza. Baada ya hayo yote ndipo kinachora.

Hesabu vituo: kihariri, diski, fundi wa kubana, seva, akiba, mchoro. Badiliko linaweza kukwama katika kituo chochote, na popote litakapokwama macho yako yataona kitu kilekile, kitufe cha buluu.

Nilimwomba binti yule tusiguse msimbo kwanza. Tukafungua zana za ukaguzi zilizomo ndani ya kivinjari, sehemu inayoorodhesha kila kitu ambacho ukurasa umekiomba, tukabofya faili la CSS na kulisoma. Lilikuwa na buluu. Kumbe kivinjari kilikuwa kinachora kwa uaminifu kile kilichopewa. Tukatazama safu ya pembeni: faili limetoka kwenye seva, halikutoka akibani. Tukaenda diskini. Faili aliloandika lina kijani, lakini lile lililobanwa lina tarehe ya Ijumaa. Tukafungua dirisha la terminali, pale amri zinapoandikwa kwa maandishi, lililokuwa limefichwa nyuma ya mengine, na pale tukakuta maandishi mekundu: fundi wa kubana alikuwa amesimama tangu asubuhi kwa sababu ya mabano yaliyosahaulika katika faili jingine kabisa. Tukafunga mabano, kitufe kikawa kijani. Dakika sita.

Tulichofanya ni kuikata njia katikati na kuuliza: hapa limefika au halijafika? Kama limefika, tatizo liko mbele. Kama halijafika, liko nyuma. Kila kifaa nitakachokitaja kuanzia hapa nakipima kwa maswali mawili: kinanifungulia dirisha kwenye kituo gani cha njia, na nikikosea kinanirudisha wapi?

Kihariri

Hapa ndipo watu hugombana zaidi, na kwa maoni yangu ndipo pasipostahili ugomvi. Bill Joy aliandika kihariri cha vi mwaka 1976 alipokuwa chuoni Berkeley. Bram Moolenaar akatoa Vim mwaka 1991 na kuitunza mpaka alipofariki mwaka 2023. Microsoft ikaleta Visual Studio Code mwaka 2015. Tovuti nzuri zimetengenezwa kwa vyote hivyo.

Jambo moja lililotokea mwaka 2016 lilipunguza sana uzito wa swali hili, ingawa wengi wanaoanza hawalijui. Kabla ya hapo, kila kihariri kilifundishwa kila lugha kivyake. Ukiwa na vihariri 10 na lugha 20, hizo ni kazi 200 za kuandika na kutunza, na ndiyo sababu kihariri kimoja kilijua Java vizuri huku PHP kikiibahatisha. Mwaka huo Microsoft ilitangaza itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo Language Server Protocol. Ujuzi wa lugha ukatolewa ndani ya kihariri na kuwekwa kwenye programu ya pembeni, seva ya lugha. Kihariri sasa kinauliza tu: jina hili limetangazwa wapi? Mstari huu una kosa? Nikiandika herufi hizi tatu, nini kinafuata? Seva ya lugha inajibu, na haijali nani ameuliza. Kazi 200 zikawa 30: vihariri 10 vijue kuuliza, lugha 20 zijue kujibu. Leo Vim ikiunganishwa na seva ya lugha ya TypeScript inapata majibu ya kiwango kilekile ambacho Visual Studio Code inapata.

Kwa hiyo kilichobaki ni starehe ya mikono yako na uwezo wa mashine yako. Huo wa pili haupuuziki. Visual Studio Code imejengwa juu ya Electron, maana yake kila unapoifungua unafungua kivinjari kizima ndani yake. Kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4, ukiongeza Chrome yenye vichupo kumi na fundi wa kubana, mashine inaanza kuhema. Nimewaona vijana wakidhani wao ni wazito wa kuelewa, kumbe kila wakihifadhi faili wanasubiri sekunde kumi na mbili ndipo waone matokeo, na mtu akisubiri hivyo siku nzima anasahau alichokuwa anajaribu. Mtu wa namna hiyo nitamshauri ajifunze kihariri chepesi, au aongeze RAM kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mimi natumia Visual Studio Code mezani. Nikiingia kwenye seva ya mbali kupitia SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta nyingine, natumia vi, kwa sababu ni nadra kuikosa huko.

Nyongeza moja naiweka kila mahali: programu ya kupanga msimbo yenyewe kila unapohifadhi, kama Prettier. Watu watatu wakifanya kazi pamoja, hakuna tena ubishi wa nafasi mbili au nne.

Kivinjari ni kifaa cha kazi

Kabla ya Januari 2006, kutafuta kosa kwenye ukurasa kulikuwa kupapasa gizani. Unaweka kidirisha cha onyo kwenye msimbo, kinakurukia, unaandika tarakimu kwenye karatasi. Mwezi huo Joe Hewitt alitoa Firebug, nyongeza ya Firefox iliyokuwezesha kuelekeza kishale kwenye kitu chochote cha ukurasa na kuona kimetokana na mstari upi. Vivinjari vyote vikubwa vya leo vimebeba wazo hilo ndani yake.

Wengi wanaishia kuzitumia zana hizo kubadilisha rangi na kusoma makosa. Kuna sehemu mbili ambazo kwa mazingira yetu nazithamini zaidi. Ya kwanza ni ile orodha ya maombi ya mtandao. Ya pili ni uwezo wa kukiamuru kivinjari kijifanye kiko kwenye mtandao wa polepole na kwenye kichakataji dhaifu, mara nne au sita chini ya uwezo wa mashine yako.

Chukua mfano wa duka la vitambaa. Mwenye duka amepiga picha za leso kwa simu yake, kila picha ina pikseli 4,000 kwa upana na uzito wa megabaiti 2. Kwenye ukurasa picha hiyo inakaa ndani ya kisanduku cha pikseli 360. Ofisini, kwenye faiba, inatokea papo hapo na kila mtu anafurahi. Sasa ipeleke kwa mteja aliye Lunga Lunga, anayepata kilobiti 400 kwa sekunde. Megabaiti 2 ni biti milioni 16. Gawanya: sekunde 40 kwa leso moja, na bando linakwisha akitazama tu. Picha ileile ikipunguzwa ilingane na kisanduku chake na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, inaweza kushuka hadi kilobaiti 60 au karibu na hapo. Sekunde moja na kidogo. Hakuna aliyeandika msimbo mbaya hapo. Ni kwamba hakuna aliyefungua dirisha la kituo hicho akatazama.

Na bado simu halisi haina mbadala. Nina simu mbili za bei ya chini droo­ni, moja ina ufa kwenye kioo, na hakuna ukurasa unaotoka mikononi mwangu kabla sijaufungua humo. Kidole gumba kinagundua vitu ambavyo kishale cha panya hakivijui.

Git, na kurudi nyuma

Maelezo ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, mara nyingi huanzia kwenye amri, na hapo ndipo watu hupotea. Tuanzie kwenye shida iliyoizaa. Watengenezaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, walikuwa wanatumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi waliyopewa bure kwa masharti. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Maelfu ya mabadiliko ya watu waliotawanyika duniani yakabaki bila mahali pa kukaa. Aprili ya mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika Git, na ndani ya siku chache Git ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Miezi michache baadaye akamkabidhi Junio Hamano aitunze.

Kwa kuwa ilizaliwa na watu wa mbali wasiotaka kumtegemea mwenye seva mmoja, Git ina tabia moja muhimu: kila mwenye nakala ana historia yote. Ukikomiti, unapiga picha ya mradi mzima jinsi ulivyo dakika hiyo na kuihifadhi diskini mwako. GitHub, iliyoanza 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, ni mahali pa kukutania tu. Watu wengi huchanganya viwili hivi na kudhani bila intaneti hakuna Git.

Mei 2024 somo hilo lilitufikia wote. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaamkia intaneti ya kuchechemea. Tanzania iliumia sana. Siku ile nilikomiti mara tisa. Nilirudi kwenye matoleo ya nyuma, nikalinganisha matawi (njia sambamba za mradi mmoja), nikasoma nani alibadilisha nini mwezi Februari, vyote bila mtandao. Jioni ulipotulia nikasukuma zote kwa pamoja.

Lakini faida iliyonifanya niipende Git ni nyingine. Tulikuwa na duka la mtandaoni ambalo gharama ya usafiri ilianza kuhesabiwa mara mbili mteja akibadilisha mji. Hakuna aliyejua ilianza lini. Tulijua mwezi mmoja na nusu nyuma hesabu ilikuwa sawa, na tangu wakati huo zimepita komiti 120 za watu wanne. Kusoma zote ni siku nzima na zaidi. Git ina amri ya `git bisect`. Unaiambia: hii ya leo ni mbovu, ile ya kale ni nzima. Inakurudisha kwenye komiti iliyo katikati kabisa. Unajaribu kubadilisha mji, unaangalia jumla, unajibu nzuri au mbovu. Inatupa nusu ya komiti na kukupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Kwa komiti 120 unahitaji majaribio yasiyozidi saba. Jaribio la saba lilituleta kwenye komiti moja yenye mistari mitatu.

Umeona ni jambo lilelile la kitufe? Kule tuliikata njia katikati, hapa tumeukata muda. Ila bisect inafaa pale tu komiti zako ni ndogo. Ukiwa na mazoea ya kukomiti mara moja kwa wiki, mafaili 60 kwa ujumbe mmoja wa "mabadiliko", itakuonyesha wiki yenye kosa na kukuacha hapo.

Njia inapotoka nje ya mashine yako

Mpaka hapa njia yote imo ndani ya laptopu. Ukifika kwenye malipo inatoka nje, na hili ndilo eneo ambalo nimeona watengenezaji wengi wa Kenya wakikwama kwa siku kadhaa. Nitalieleza polepole.

Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007. Tovuti ikitaka kulipwa kwa M-Pesa inazungumza na mfumo wa Safaricom uitwao Daraja, jina ambalo limeisadifu kazi yake. Kwanza seva yako inaomba tokeni, kibali cha kuzungumza, ambacho hudumu kwa saa moja. Kisha inatuma ombi la malipo lenye namba ya biashara, kiasi, namba ya simu ya mteja inayoanzia na 254, nenosiri linaloundwa kwa kuunganisha namba ya biashara na ufunguo wa siri na muda wa wakati huo, pamoja na anwani ya kupokelea matokeo.

Daraja linajibu papo hapo kwa msimbo 0. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu anaona 0, anamwandikia mteja "Malipo yamepokelewa", anafunga oda. Lakini 0 hiyo ina maana kwamba ombi limepokelewa. Wakati huo simu ya mteja ndiyo kwanza inawaka ikimtaka aweke PIN. Huenda akaiweka, huenda akaghairi, huenda simu iko kwenye mkoba na yeye yuko kwenye matatu. Baadaye kabisa, baada ya sekunde kadhaa, ndipo Daraja linaipigia anwani yako na kuleta matokeo yenyewe: msimbo 0 wa pili pamoja na namba ya risiti kama amelipa, au 1032 kama ameghairi. Sifuri mbili, maana mbili. Bidhaa hutolewa kwa sifuri ya pili.

Sasa uko mezani, tovuti inaendeshwa kwenye 127.0.0.1, na kwenye anwani ya kupokelea matokeo umeandika hiyohiyo. Hata Daraja likilikubali ombi hilo, simu inalia, unaweka PIN, unakatwa hela, na seva yako haisikii kitu. Kwa nini? Kwa sababu 127.0.0.1 kwa kompyuta yoyote maana yake ni "mimi mwenyewe". Kompyuta ya upande wa pili ikiambiwa ipeleke matokeo huko, inabisha mlangoni pake yenyewe. Na hata ungeiandika anwani ya ruta yako, ruta haimruhusu mgeni wa nje kuingia bila mwaliko.

Dawa ni programu ya handaki, na ngrok ndiyo inayojulikana zaidi. Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko inavyosikika. Laptopu yako yenyewe inafungua mawasiliano kwenda nje, kwenye seva ya ngrok, na ruta haina shida na mwenyeji anayetoka. Seva ile inakupa anwani ya hadharani yenye https. Ombi lolote linalofika kwenye anwani hiyo linateremshwa kupitia bomba lilelile ulilofungua, mpaka kwenye laptopu yako. Unaipa Daraja anwani hiyo, na matokeo yanafika mezani.

Kinachonifanya nilisifu handaki hili ni dirisha lake. Fungua 127.0.0.1:4040 kwenye kivinjari chako utaona kila ombi lililopita, neno kwa neno, kama lilivyotumwa. Na kuna kitufe cha kulirudia. Maana yake nikilipa shilingi moja mara moja tu, naweza kuyatuma matokeo yaleyale kwenye msimbo wangu mara hamsini huku nikirekebisha, bila kugusa simu tena. Kuyarudia hivyo kunakufundisha pia kwamba matokeo yanaweza kuja mara mbili hata katika maisha halisi, kwa hiyo msimbo wako lazima uitambue namba ya ombi iliyokwisha kushughulikiwa na usimpe mteja bidhaa mara ya pili.

Jambo jingine dogo la hapahapa: saa. Seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mteja kalipa saa tisa alasiri, simu yake inaandika 15:00, daftari la seva linaandika 12:00. Akipiga simu kulalamika, mhudumu anasoma 12:00, anasema "hatuoni malipo ya saa tisa". Mimi huhifadhi kila kitu kwa UTC na kukigeuza kuwa saa za Africa/Nairobi wakati wa kumwonyesha mtu tu.

Vifurushi na siri

Node.js ya Ryan Dahl, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ilipotoka mwaka 2009 na npm, hifadhi ya vifurushi vya msimbo, ikafuata mwaka 2010, ilikuwa rahisi mno kuazima kazi ya wengine. Urahisi huo una bei yake. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake kwenye npm, kimojawapo kikiwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Miradi mingi sana duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo, kwa sababu ilikitegemea kupitia vifurushi vya vifurushi. Tangu hapo nimezoea mambo mawili: faili la kufunga matoleo ya vifurushi linaingia kwenye Git bila mjadala, na kabla ya kuongeza kifurushi najiuliza kama mistari hiyo siwezi kuiandika mwenyewe mchana huohuo.

Na funguo za siri, ule wa Daraja ukiwemo, zinakaa kwenye faili la `.env` ambalo Git imeambiwa ilipuuze. Nilishuhudia ofisi moja ikisukuma ufunguo wa malipo kwenye hifadhi ya hadharani. Waliona kosa baada ya saa moja, wakaufuta, wakakomiti, wakapumua. Lakini kumbuka kila komiti ni picha: ufunguo bado uko kwenye picha ya awali, na yeyote aliye na nakala anaweza kuifungua. Kinachotakiwa kwanza ni kuubatilisha ufunguo wenyewe na kutoa mpya. Kusafisha historia kunaweza kusubiri.

Meza

Kwenye mashine yenyewe sina mengi. Diski ya SSD, RAM ya gigabaiti 16 ukijaliwa, 8 ukibana. Mimi niko kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa kuwa seva ninazopelekea kazi nazo ni Linux, na napenda njia iwe ileile pande zote mbili. Aliye kwenye Windows anaweza kuweka WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows, akapata karibu yote hayo. Skrini ya pili imenisaidia kuliko nilivyotarajia, msimbo huku na kivinjari kule, na terminali ikiwa wazi muda wote ili fundi wa kubana akisimama nimwone. UPS ndogo, betri ya dharura, inashika ruta na skrini umeme ukikatika. Laptopu ina betri yake. Ruta ndiyo watu husahau.

Mashine mpya ikiwekwa mezani, kwangu au kwa anayejifunza, tunaifanyia jambo moja kabla ya kuanza kazi. Tunashusha mradi kutoka hifadhini, tunaweka vifurushi, tunawasha seva ya ndani, tunabadilisha rangi ya kitu kimoja na kuhesabu sekunde mpaka ionekane. Kisha nazima Wi-Fi. Tunabadilisha rangi tena, tunakomiti, tunarudi kwenye komiti ya nyuma, tunatazama kama ukurasa bado unafunguka. Fonti ikipotea, tunajua ilikuwa inatoka kwenye seva ya watu, tunaishusha na kuiweka ndani ya mradi. Binti yule alipofanya jaribio hili, mafaili matatu yaligoma. Saa hizi yuko mezani anayahamisha.